Mashua ya Pili

Tulipoombwa tuandike neno juu ya furaha inayoshirikiwa, tulikaa kimya kwa muda. Sisi tumetoka Rubaya, katika milima ya Masisi, na watu wanapolisikia jina hilo hawafikirii furaha. Hufikiria koltani, vumbi, mashimo na bunduki. Hata hivyo tuliwahi kuwa na jioni moja ya furaha juu ya maji ya Ziwa Kivu, na tangu siku ile hatujaacha kuizungumza. Tutaisimulia kama ilivyokuwa, pamoja na aibu iliyomo ndani yake, maana tukiiondoa aibu ile, habari yenyewe haitamfaa mtu.

Kwanza ifahamike kwamba sisi si watu wa ziwa. Maji tunayoyajua ni ya mvua na ya vijito. Maji hayo ndiyo wachimbaji huyaelekeza kwa mifereji ili udongo uchukuliwe na madini mazito yabaki. Na ni maji hayohayo yanayoulowesha mlima katika miezi ya mvua, hata ukuta wa shimo ukalegea na kuwafunika waliomo. Kikundi chetu cha familia wakati ule kilikuwa na watu 31, na kati yetu walikuwamo wajane watatu waliofiwa na waume zao kwa namna hiyo. Koltani husafiri mbali. Hutolewa tantali, nayo huingia katika simu na tarakilishi za dunia nzima. Sisi tulio karibu na chanzo chake hubaki na matope miguuni.

Mwaka 2018 tulianzisha likelemba ya kikundi. Kila Jumapili baada ya Misa kila mmoja alitia faranga 1,000 katika sanduku la bati lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa kwa mweka hazina, na wa pili kwa mama mzee kuliko sisi sote, ambaye tulimwita Koko, kama wajukuu wake walivyomwita. Nia ilikuwa moja: kumwezekea nyumba yule mjane aliye mdogo kati ya wale watatu, ambaye alikuwa akiishi na watoto wake chini ya turubai na majani ya migomba.

Mwaka ulipoisha tulihesabu, tukaona kwamba fedha zinatosha kununua mabati na kubakiza kiasi. Hapo ndipo mmoja wetu aliposema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kosa, kwamba angependa kabla ya kufa apande mashua jioni, ale samaki ufuoni, na aone ngoma kama wageni wanavyofanya kule Goma. Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakasema kwamba fedha za maskini si za kuchezea. Mabishano yalidumu majuma mawili. Yakamalizwa na mjane mwenyewe, aliyesema: "Mabati nitayaona kila siku hadi nichoke kuyaona. Ziwa sijalikaribia hata mara moja. Nunueni mabati, kisha tuende wote." Basi mabati yakanunuliwa, fedha za safari zikatengwa, na kiasi kidogo kikabaki kwa ajili ya mlango na bawaba zake.

Tuliondoka Rubaya alfajiri ya Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2019, juu ya lori lililopakia maharage na viazi. Ilikuwa kiangazi, na vumbi lilitufanya sote kuwa wa rangi moja. Tulipita Mushaki, kati ya malisho ya ng'ombe ambao maziwa yao hufanya jibini ijulikanayo kote Kivu, na barabara ilipoanza kuteremka kuelekea Sake, ziwa likajitokeza chini yetu, pana na lenye kung'aa. Waliokuwa wakiimba waliacha kuimba. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini mbingu imeanguka chini. Mwaka ule Ebola ilikuwa imefika hata Goma, katika mwezi wa Julai. Kwa hiyo kwenye vizuizi tulishushwa, tukanawa mikono kwa maji yenye klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso, kisha tukapanda tena juu ya magunia.

Goma ilitupokea kwa mawe yake meusi. Wengi wetu hatukuwa tumeona jinsi mji ule ulivyojengwa upya juu ya mawe ya volkano ya Januari 2002, wakati Nyiragongo ilipotapika moto hata ukapita katikati ya mji, ukaiangusha katedrali na kuingia ziwani. Vijana walitupita mbio na chukudu zao za mbao zenye mizigo mikubwa kuliko wao. Tulioga katika ukumbi wa parokia iliyotupokea, akina mama wakatoa vitenge vipya kutoka katika mifuko ya plastiki, akina baba wakapangusa viatu kwa majani. Saa kumi na moja jioni tulikuwa kando ya maji.

Mashua ilikuwa ya mbao, yenye injini moja, mabenchi, na turubai juu yake. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwamba huchukua watu 40. Koko aliyasoma maandishi hayo polepole, kisha akaziomba jile za kujiokoa, akazihesabu moja moja kama anayehesabu mayai sokoni. Hatukumshangaa. Aprili ya mwaka huohuo mtumbwi uliotoka Goma ulikuwa umezama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi alitaja watu 150 wasioonekana, naye alikwenda huko na kuagiza kwamba kila abiria wa ziwani avae jile. Zilizokuwamo katika mashua yetu zilikuwa zimefifia rangi, na mbili hazikuwa na kamba. Koko akazifunga zile mbili kwa vipande vya kitambaa alichojifunga kichwani.

Tukaondoka. Kwa dakika za mwanzo hatukusema neno, kila mmoja ameshika benchi kwa mikono miwili. Kisha mwendo ukatuzoea, au sisi tukauzoea. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima yetu wenyewe, upande wa Masisi, na ilikuwa ajabu kuiona milima ile kwa mbali, ya buluu na mipole, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa ndani yake. Mashariki taa za Gisenyi zilianza kuwaka. Kaskazini, giza lilipokaza, juu ya kilele cha Nyiragongo tuliona wekundu unaopumua. Miaka ile ziwa la moto bado lilikuwa likichemka ndani ya kreta, na wingu lililokuwa juu yake lilikuwa jekundu kama kaa.

Mwalimu wa sayansi aliyekuwa pamoja nasi alitueleza kwamba chini yetu kina kinafika karibu mita 480, na kwamba katika maji ya chini kabisa kumelala gesi nyingi mno: kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zinazozuiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Ng'ambo ya Rwanda, alisema, tayari wanaivuta methani hiyo na kuifanya umeme. "Basi tunaelea juu ya moto," akasema baba mmoja. Mwalimu akajibu kwamba ndivyo, na kwamba hata nyumbani tunalala juu ya fedha bila kuwa nazo. Tukacheka, na hofu ikapungua.

Usiku ule haukuwa na mwezi, na ndiyo sababu tuliwaona wavuvi wa sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwamo katika Kivu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio riziki ya maelfu ya watu. Huvuliwa gizani, maana hufuata mwanga. Mashua tatu huunganishwa kwa nguzo ndefu, wavu ukatandazwa kati yake, na taa zikaning'inizwa juu ya maji. Walitupita karibu sana, wanaume kama kumi, wakipiga makasia kwa wimbo. Mmoja aliongoza na wengine wakamwitikia, na kila mwitikio ulikuwa pigo moja la kasia. Tukajikuta tunaitikia nasi, na wao, waliposikia, wakapandisha sauti. Hatukuwajua, wala hawakutujua. Pengine hapo ndipo furaha ya jioni ile ilipoanza kweli.

Ufuo tuliofikia ulikuwa na mchanga kidogo kati ya mawe ya volkano, meza za mbao, na mienge iliyochomekwa ardhini. Tulikula sambaza za kukaanga, samaki waliochomwa juu ya makaa kwa limau na pilipili, ndizi, sombe na ugali wa muhogo. Baba mmoja aliinamia sikio la mke wake, akamnong'oneza kwamba samaki mmoja ana bei ya siku nzima ya kuchimba. Mke akamjibu amle polepole, basi, hadi jua lichwe. Baadaye ngoma zikalia. Wachezaji walitoka gizani na njuga miguuni, na tulipoutambua mchezo wao tulitazamana: ulikuwa uleule tunaoucheza kwenye arusi zetu kule milimani. Tulikuwa tumesafiri siku nzima ili kulipia kitu tunachokifanya bure. Lakini kukitazama ukiwa umeketi, bila deni la mahari wala sufuria la kuangalia jikoni, ni jambo jingine. Tuliuona uzuri wa ngoma yetu kana kwamba ni ya watu wengine.

Kisha ukafuata mchezo wa kuigiza. Kijana mmoja alitoka amejipaka udongo mwili mzima, na taa ya kichwani. Aliigiza mchimbaji aliyepata kilo zake, akauza, akaingia baa, akawanunulia watu asiowajua, akanunua miwani ya jua akaivaa usiku, na asubuhi akaamka bila viatu. Watu wote walicheka, nasi tulicheka, maana tunawajua watu wa namna hiyo. Baadhi yao ni ndugu zetu. Kisha kijana akaigiza shimo linavyomwangukia mwenzake, naye, bado amevaa miwani, akimtafuta kwa kupapasa kwenye meza za wageni. Meza nyingine ziliendelea kucheka. Yetu ilinyamaza.

Yule mjane mdogo aliinuka akaenda hadi penye maji. Koko akavua viatu, akamfuata. Hatukujua la kufanya. Mchezo ulipokwisha kijana alikuja mezani kwetu, jasho likichora mistari katika udongo, akauliza kama ametukosea. Mjane alikuwa amekwisha kurudi. Akamtazama kwa muda, akamwambia: "Hujanikosea, mdogo wangu. Lakini mume wangu alikuwa mchekeshaji kuliko wewe." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Naamini, dada." Hilo lilipita, na ngoma zikaanza tena. Mjane mwenyewe alikuwa wa kwanza kuinuka kucheza.

Sasa tunakuja kwenye lile lililotufanya tuandike.

Ilipofika saa nne za usiku tulikwenda kwenye mashua, tukakuta imekwisha kujaa. Wapiga ngoma walikuwa wameketi na ngoma zao magotini. Wapishi walikuwamo, wasichana wa kuosha vyombo, walinzi waliomaliza zamu, na wengine waliokuwa wakisubiri njia ya kurudi mjini. Walikuwa 29. Pamoja na sisi 31, wangekuwa 60 katika mashua ya watu 40. Nahodha alitupa mkono ili tupande. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi, alisema.

Koko hakuupokea ule mkono. Akasema kwamba hapandi, wala hakuna mtoto wa kikundi chetu atakayepanda. Nahodha akasema kwa upole, "Mama, ni mwendo mfupi, na ziwa limelala." Koko akajibu, "Mwanangu, hata mlima ulikuwa umelala."

Tulichoka. Watoto walikuwa wamesinzia migongoni. Na hapa tunakiri: mmoja wetu alisema kwa sauti kwamba sisi ndio tuliokodi mashua na kuilipia, kwa hiyo wale washuke, watafute njia yao. Wengi wetu hatukusema hivyo, lakini hatukumpinga pia. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali. Watu walianza kushuka bila ubishi, kama waliozoea kushushwa. Msichana mmoja, mwenye mikono iliyonyauka kwa maji ya sabuni, aliuliza tu, "Mama, tukibaki hapa tutalala wapi? Mtoto wangu yuko kwa jirani."

Koko hakuwa na jibu. Tulimwona akiwatazama, kisha akatugeukia sisi, si wao. "Basi sisi ni abiria na wao ni mizigo?" akauliza. "Tumekula kwa mikono yao, tumecheza kwa ngoma zao, na sasa tunaokoa roho zetu kwa kuwaacha gizani?"

Alisema mashua iende mara mbili. Nahodha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema esansi haitoshi, na ya kununua usiku ni ghali. Mweka hazina alijua kilichobaki mfukoni mwake. Nasi sote tulijua pia. Ilikuwa fedha ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuitaja, maana haikuwa yetu tena. Tulisikia mawimbi yakigonga ubao. Ndipo mjane aliposema, "Mlango ni wangu. Nitaweka gunia kwa sasa. Mlipeni." Mweka hazina akazihesabu noti mbele ya mwanga wa taa, mkono wake ukitetemeka.

Safari ya kwanza walikwenda wale 29, pamoja na akina mama wenu wenye watoto wachanga na wagonjwa wawili wa kikundi chetu. Yule msichana wa vyombo alipewa jile iliyofungwa kwa kitambaa cha Koko. Wanaume wawili wa ngoma na yule mwigizaji walikataa kutangulia. Walisema hawawezi kuwaacha wageni peke yao. Tulibaki ufuoni, tukitazama taa ya mashua ikipungua hadi ikachanganyika na taa za wavuvi.

Mlinzi wa zamu ya usiku alituonyesha mahali pa kukaa na mahali pa kukimbia. Penye bonde dogo kati ya mawe, alisema, msikae kabisa, maana kuna mazuku. Watu wa kando ya ziwa wanalijua neno hilo vizuri: ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo usiku usio na upepo hukusanyika katika mabonde na kumwua mbuzi au mtoto bila harufu wala sauti. Tukakaa juu, penye upepo. Mpishi mmoja, aliyekuwa analala palepale, aliyafukua makaa, akakuta samaki wanne waliobaki, akawarudisha motoni. Tuligawana kwa vidole.

Mwigizaji alikuwa ameoga ziwani, na bila udongo alionekana mdogo zaidi. Alitueleza kwamba yeye mwenyewe alichimba kasiterite huko Bisie, katika Walikale, na ile miwani ya jua ni yake. Ndiyo peke yake iliyobaki katika kazi ya miaka miwili. Mjane alimwomba amwonyeshe jinsi alivyoinunua. Akaigiza tena, gizani, kwa ajili yetu ishirini tu, safari hii bila lile shimo. Na mjane alicheka hata akajishika mbavu. Kisha akasimulia juu ya mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mazishi: jinsi alivyokuwa akimwiga katekista, jinsi alivyoogopa kuku. Wapiga ngoma walipiga polepole kwa ncha za vidole. Hakuna aliyelipia onyesho hilo, wala hakuna kati yetu anayelikumbuka lile la kwanza kuliko hili.

Padri wetu, tulipomsimulia, hakutupa mafundisho marefu. Alisema tu kwamba Bwana, baada ya kufufuka, alipotaka kuwarudisha rafiki zake waliomwacha, aliwawashia makaa kando ya ziwa na kuwaokea samaki. Na kwamba aliwalisha kwanza, maswali yakafuata baadaye. Tulifika Goma baada ya saa sita za usiku. Mlango wa mjane ulipatikana mwezi wa Desemba. Miezi ya mvua ilimkuta na gunia.

Ndugu wapendwa, ingekuwa vyema habari iishie hapo, nasi tubaki watu wema. Lakini miaka ilipita. Tarehe 30 Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23, na kabla ya siku hiyo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kutawanyika, tukiwa na magodoro vichwani, hadi kwenye kambi za magharibi mwa Goma, karibu na ziwa lilelile. Tangu mwanzo wa mwaka ule vita vilikuwa vimekata barabara kati ya Sake na Minova. Chakula cha mji, viazi, kabichi, maharage na ndizi, kikawa kinapita majini, na watu vilevile. Malori yalisimama, mashua zikajaa.

Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ndogo ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri. Gavana wa Kivu Kusini alitaja wafu 78 kati ya abiria 278. Hesabu za wengine zilitofautiana. Baadhi yetu tulikuwapo Kituku asubuhi ile, tukitafuta kazi ya kubeba mizigo. Tuliwaona wakiletwa. Tuliwaona akina mama wakifungua vitenge vilivyofunika nyuso, wakivifunika tena, wakiendelea kwa mwingine. Hatutasema zaidi.

Usiku ule, kambini, tulimkumbuka Koko na mkono alioukataa. Mmoja wetu akasema, kwa uchungu, kwamba laiti kila mashua ingekuwa na mtu kama yeye. Ndipo mwingine, baba mkimya, alipofungua kinywa. Alisema kwamba juma mbili kabla ya hapo yeye mwenyewe alipanda mashua ya namna hiyo kutoka Minova, na magunia yalikuwa yamefika hadi kwenye paa. Aliona. Alikumbuka maneno ya Koko, neno kwa neno. Akapanda. "Nilikuwa na faranga za nauli moja," alisema, "na watoto hawakuwa wamekula tangu jana. Ningesubiri mashua ya pili kwa fedha gani?"

Hatukuweza kumhukumu, na hapo tukaelewa jambo ambalo lilitupita kwa miaka mitano. Tulikuwa tukimsifu Koko kwa ujasiri wake, na ujasiri alikuwa nao. Lakini usiku ule wa 2019 ujasiri peke yake haungemvusha mtu. Kulikuwa na fedha ya mlango mfukoni, na kulikuwa na mtu aliyekubali kulala nyuma ya gunia. Kukataa hatari kuna bei, na bei hiyo mtu mmoja mara nyingi hawezi kuilipa. Mtu anayeingia katika shimo analoliona limepasuka, na mama anayeketi juu ya magunia katika mashua inayozama taratibu, si kwamba hawajui. Wanajua kuliko wanaowaonya. Wamekosa tu mtu wa kuwalipia ile saa moja ya kusubiri. Kumwambia mtu wa namna hiyo awe mwangalifu, kisha kumwacha na nauli moja, ni kuwashusha wale 29 na kuwaacha gizani.

Februari 2025 kambi zilivunjwa. Baadhi yetu tumerudi Rubaya, wengine wako Goma, wengine Minova, na wawili hatujui walipo. Koko yuko hai; macho yamepungua, lakini bado anahesabu kwa vidole kila anayeingia mlangoni. Sanduku la bati lilipotea katika safari ya kukimbia, pamoja na kufuli zake. Tumepata kopo la maziwa, tukalitoboa kifuniko. Tulio karibu tunatia faranga 500 tunapokutana, anayeweza. Tulikubaliana juu ya kazi yake bila mabishano ya majuma mawili: mwanachama au jirani akifika bandarini akakuta mashua imejaa, arudi, achukue nauli ya kesho na chakula cha usiku mmoja, wala asiulizwe atarudisha lini.

Mnaosoma ukurasa huu mna maziwa yenu na milima yenu. Jiulizeni katika mikutano yenu: ni nani kati yenu anayepanda kila siku kile asichopaswa kupanda, kwa kuwa hana bei ya kusubiri? Na mlango wa nani unaweza kungoja?

Bado tunatamani jioni nyingine ya samaki na ngoma. Tumeahidiana kwamba amani ikirudi tutaikodi tena ile mashua, na safari hii tutailipia mara mbili tangu mwanzo. Kwa sasa kopo liko chini ya kitanda cha Koko. Mpaka tunapoandika limekwisha kufunguliwa mara tatu.